Walker, Mullane na Kalamu Nyekundu

Kwa miezi miwili mama yangu, aliyeko Tanga, aliamini nimeingia kwenye kamari. Kosa ni langu. Humpigia simu saa tatu usiku kwa huku Ohio, ambayo kwake ni saa kumi na moja alfajiri, na usiku ule dadu zilikuwa zinalia kikombeni huku tunaongea.

"Hiyo sauti ya nini, mwanangu?"

"Dadu, mama."

Kimya. Halafu: "Astaghfirullah. Na watoto wanakula nini?"

Nikamweleza kwamba hakuna pesa, wala sichezi na mtu. Ni mchezo wa karatasi, nautumia kurudia msimu mzima wa besiboli wa mwaka 1884, mchezo baada ya mchezo, jina baada ya jina. Akauliza mwaka 1884 ndiyo lini. Nikamwambia ni mwaka uleule Carl Peters alipopita Usagara akiwatia wakubwa wa kule saini kwenye karatasi wasizozielewa. Akafikiri kidogo. "Na wewe unacheza na Wazungu wa mwaka huo?" Nikajibu ndiyo, wengi wao. Wengi, si wote, na huyo mmoja ambaye si wao ndiye aliyenifanya niandike haya.

Kwa asiyeijua besiboli: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mpira ukipigwa ukadondoka pasipo na mtu, mpigaji anakimbilia kituo cha kwanza. Vituo ni vitatu, na nyumbani ni pale alipoanzia. Akivizunguka vyote, timu yake imepata bao. Wakitolewa watatu, upande wa pili unachukua gongo, na zamu ni tisa. Yaliyobaki yote ni ugomvi na hesabu.

Hesabu ndizo zilizoniteka. Sikukulia besiboli; mtaani kwetu Wahindi walicheza kriketi, sisi tukaokota mipira yao, basi. Lakini napenda daftari lililojazwa vizuri, na Wamarekani walianza mapema kujaza. Aliyewafundisha ni mwandishi wa magazeti, Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, aliyevuka bahari akiwa mtoto. Alijua matokeo ya kriketi yanavyoandikwa, akatengeneza jedwali dogo la besiboli: jina la kila mchezaji, na mbele yake alichofanya siku hiyo. Jedwali hilo, pamoja na ndugu zake waliokuja baadaye, ndilo linalomwezesha mtu kama mimi, aliyezaliwa miaka mia baada ya wachezaji hawa, kujua nani alikosea nini alasiri fulani ya Juni. Hesabu za msimu za kila mchezaji tangu mwaka 1871 zimo kwenye faili za bure zilizoanzishwa na Sean Lahman. Wapo pia wa Retrosheet, watu wa kujitolea ambao tangu mwaka 1989 wanakusanya kumbukumbu za mchezo mmoja mmoja. Ni watu wa roho ya pekee hao. Wangekuwa kwetu wangekuwa wanahesabu mitumbwi ya Pangani ya mwaka 1890.

Mchezo wenyewe nilirithi. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyekuwa akikaa ghorofa ya chini, alikuwa anapunguza vitu ili ahamie kwa mwanawe, akaniuliza kama nataka kasha la mchezo wa kadi. Ndani mlikuwa na kadi zilizofifia na dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe. Michezo hii ni ya zamani kuliko nilivyodhani: APBA ya J. Richard Seitz ilianza kuuzwa Pennsylvania mwaka 1951, na Strat-O-Matic ya Hal Richman ikafuata mwaka 1961. Siku hizi zipo za kompyuta, maarufu zaidi Out of the Park ya Mjerumani Markus Heinsohn, na hiyo inakuruhusu kuanzia mwaka 1871 ukaendelea mpaka uchoke. Mzee alinikalisha mezani kwake nusu saa. Nyekundu ni makumi, nyeupe ni mamoja. Ukirusha 3 na 5 umepata 35. Namba ni 36, kuanzia 11 hadi 66, na kadi ya kila mchezaji inakuambia kila namba imemletea nini. Kadi zake zilikuwa za miaka ya sabini, wachezaji wenye masharubu na nywele nyingi. Nikamuuliza kama zipo za karne ya kumi na tisa. Akacheka, akasema tengeneza mwenyewe, hesabu unazipenda.

Nikatengeneza. Nilianza na Cleveland ya mwaka 1899 kwa sababu moja tu: ni Ohio, na ndiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ya ligi kuu. Ilishinda michezo 20, ikafungwa 134. Ndugu wawili, Frank na Stanley Robison, walikuwa wakimiliki Cleveland, wakanunua na St. Louis, kisha wakawahamisha wachezaji wote wazuri kwenda St. Louis: Cy Young, Jesse Burkett, na wengine. Cleveland wakabakishiwa makapi. Watu wakaacha kuja uwanjani, timu za nje zikaona nauli haitarudi, kwa hiyo sehemu kubwa ya msimu Cleveland wakawa wasafiri, wanafungwa kwenye miji ya watu: 11 za kushinda ugenini, 101 za kufungwa. Mchezo wa mwisho, Cincinnati, wakampa mpira kijana mmoja aliyekuwa akiuza sigara hotelini, Eddie Kolb. Wakafungwa 19 kwa 3.

Mimi na dadu zangu tuliwapatia ushindi 26. Nilijivuna wiki nzima, nikamwandikia mzee. Akanijibu kwa sentensi moja: kadi zako hazilali kwenye treni.

Sentensi hiyo ilinikaa. Kadi ya Jim Hughey, mrushaji aliyeshinda mara 4 akapoteza mara 30, inasema alikuwa mbovu. Haisemi kwamba nyuma yake walisimama watu wasiojua kama watalipwa, wala kwamba hakulala kitandani kwake tangu majira ya joto. Zile 30 zimeandikwa kwa jina lake. Ndugu Robison hawana kadi.

Baada ya hapo nikahamia mwaka 1884, na huko sijatoka.

Ni mwaka wenye wazimu. Ligi kuu zilikuwa tatu kwa mpigo: Ligi ya Taifa, American Association, na Union Association ambayo iliishi msimu huo mmoja tu. Mrushaji alisimama futi 50 kutoka kwa mpigaji (leo ni futi 60 na inchi 6), na mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza: nataka wa juu, au nataka wa chini. Katika Ligi ya Taifa ilihitajika mipira sita mibaya ndipo upewe kituo cha bure. Leo ni minne. Mwamuzi alikuwa mmoja peke yake, naye alirushiwa maneno na vitu vingine. Glavu zilikuwa za wachache, nyembamba kama za fundi bustani, na wengi walidaka mikono mitupu. Kwa hiyo mpira uliponyoka karibu mara moja katika kila kumi. Mtu aliyezoea besiboli ya leo akicheza mwaka 1884 kwa kadi hudhani amekosea kutengeneza kadi. Hajakosea. Mchezo ulikuwa hivyo, makosa mengi na vidole vilivyopinda.

Mwanzoni nilijaribu kwa kompyuta, na nilikwama kwa Radbourn.

Charles Radbourn, mtoto wa muuza nyama aliyekulia Bloomington, Illinois, alirushia Providence, Rhode Island. Mwenzake alikuwa Charlie Sweeney, na hawakupikika chungu kimoja. Katikati ya Julai Radbourn alisimamishwa. Tarehe 22 Julai Sweeney, akiwa anaongoza, aliambiwa ampishe mwingine aende kucheza pembeni. Akakataa, akaondoka uwanjani, na Providence wakamaliza na watu wanane, wakafungwa. Sweeney akafukuzwa. Timu ikabaki haina mrushaji, na Radbourn akarudi akisema nitarusha yote, kwa masharti. Akarusha karibu yote. Katika michezo 43 iliyofuata alianza 40, akashinda 36. Kwa msimu mzima alianza 73 na zote 73 akazimaliza mwenyewe, zamu 678 na ushee. Vitabu vingine humpa ushindi 60, vingine 59, kwa sababu ya mchezo mmoja wa Julai aliomrithi mwenzake katikati, na hadi leo watu hununiana juu ya hiyo moja. Inasimuliwa kwamba kufikia mwisho hakuweza kuinua mkono kuchana nywele zake.

Programu niliyokuwa nayo haikukubali. Nikimpanga siku mbili mfululizo alama yake inakuwa ya njano, siku ya tatu nyekundu, na katikati ya Agosti ikamvunja bega na kunipa taarifa ya upole kwamba atakaa nje miezi saba. Nikarudia. Ikamvunja tena. Mara ya tatu nikazima kompyuta. Programu ilikuwa na busara ya daktari wa leo, na sikuhitaji daktari. Nikarudi mezani, kwenye karatasi ambazo hazina bega.

Wiki hiyohiyo nikakutana na Ned Williamson wa Chicago. Mwaka 1884 alipiga hom rani 27, yaani mara 27 aliupiga mpira ukavuka uzio na kuzunguka vituo vyote akitembea. Hakuna aliyemfikia mpaka Babe Ruth alipopiga 29 mwaka 1919. Ukimtengenezea kadi kwa kuamini namba hiyo, unapata jitu linalobomoa kila uwanja. Ila uwanja wa Chicago mwaka huo ulikuwa kichekesho, uzio wa kulia na wa kushoto ulikuwa chini ya futi 200. Mwaka wa nyuma mpira ukivuka pale ulihesabiwa kuwa wa vituo viwili tu. Mwaka 1884 wakabadilisha, ukawa hom rani. Kati ya zile 27, 25 alizipiga nyumbani. Mwaka 1885 timu ikahamia uwanja mwingine, akapiga 3. Kwa hiyo Williamson wangu ana kadi mbili, ya nyumbani na ya safarini, na ya safarini ni ya mtu wa kawaida kabisa. Kadi ya nyumbani nimeiandika juu yake kwa penseli: *hii ni ya seremala*.

Nilipokwisha msimu wa Providence, nikaingia Association kumtafuta Walker.

Moses Fleetwood Walker alizaliwa Mount Pleasant, Ohio, akakulia Steubenville, akasoma Oberlin, kisha akasomea sheria Michigan. Alikuwa mdakaji. Tarehe 1 Mei 1884 alichezea Toledo dhidi ya Louisville, mji uliokuwa umemkataa mwaka 1881 alipokwenda na timu nyingine, na kwa mchezo ule akawa mtu mweusi anayejulikana waziwazi wa kwanza katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu. Mdogo wake Weldy naye alicheza michezo mitano majira yale. Baada yao mlango ukafungwa, ukaja kufunguliwa na Jackie Robinson mwaka 1947.

Kadi yake naiona hata nikifumba macho. Michezo 42. Alisimama na gongo rasmi mara 152, akapata mapigo 40, wastani wa .263. Katika namba 36 za dadu hiyo ni tisa na nusu, basi nikampa tisa kamili, na ya kumi, 54, nikaigawa: ikitoka narusha dadu ya tatu, 1 hadi 3 amepata, 4 hadi 6 hakupata. Kwa mdakaji wa zama zile, aliyepokea mpira kwa mikono siku nzima, .263 si haba hata kidogo. Wengi wa timu yake walikuwa chini yake.

Tatizo ni mgongo wa kadi. Mdakaji huandikiwa mipira iliyompita, ile ambayo ilikuwa ya kudakwa ikaponyoka na mkimbiaji akasogea kituo. Mimi huuita mponyoko. Walker anayo mingi. Ukimsoma kwa kadi peke yake utasema alipiga vizuri, alidaka vibaya.

Sasa, mrushaji mkuu wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Cork, Ireland, mtu mwenye sura nzuri na mkono hatari. Aliweza hata kurusha kwa mikono yote miwili. Mwaka huo alishinda michezo 36. Mdakaji hufanya kazi kwa ishara: anaonyesha vidole, mrushaji anajua arushe upi, na yeye anajua unakuja upi. Mwaka 1919, akiwa mzee, Mullane alilieleza gazeti kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi, lakini yeye hakuwapenda weusi, na kila alipolazimika kumrushia Walker alirusha alichotaka bila kutazama ishara. Siku moja Walker aliomba mpira wa kupinda, akapata wa kasi. Akamfuata Mullane, akamwambia nitadaka bila ishara, ila sitadaka ukinisaliti nikikupa ishara. Tangu siku hiyo mpaka mwisho akadaka bila kujua kinachokuja. Futi 50. Karibu mikono mitupu.

Soma tena mgongo wa kadi.

Nilinunua kaunta buku na kalamu nyekundu. Sheria ya mchezo wangu ni kwamba mponyoko unaandikwa kwa mdakaji, kama Chadwick alivyotaka, na sikuibadilisha, kwa sababu ukianza kubadilisha hesabu hujui utaishia wapi. Ila pembeni niliongeza safu isiyokuwamo kwenye jedwali lolote. Mponyoko ukitokea Mullane akiwa anarusha na Walker anadaka, natia alama nyekundu. Nikacheza Toledo tangu Mei, mchezo mmoja dakika ishirini, miwili au mitatu kwa usiku, watoto wakishalala. Wakimbiaji wangu ni komwe. Nilikuja na mfuko wa komwe kutoka nyumbani kwa ajili ya bao, na kwa kuwa huku sijapata wa kucheza naye, zimehamia besiboli. Zinakaa vituoni vizuri, haziviringiki.

Alama nyekundu zilianza siku ya pili. Kufikia mwisho wa Juni zilikuwa zimejaza ukurasa na kuvuka.

Kuna kitu dadu hufanya ambacho wastani haufanyi. Ukisoma kwenye jedwali kwamba mtu aliponyokwa mara kadhaa msimu mzima, ni namba, unaipita. Ukirusha dadu Alhamisi usiku, zamu ya saba, mko sawa, mkimbiaji yuko kituo cha tatu, dadu zikatoka 61 na dadu ya tatu ikasema mponyoko, mkimbiaji huyo anaingia nyumbani na mmefungwa, na unajua kwamba siku ile halisi, sijui ipi, kilio kama hiki kilitokea na watu elfu moja na kitu wakamzomea mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa aliyekosea. Nikaanza kumchukia Mullane, chuki ya kweli, kama unavyomchukia mwamuzi wa Jumamosi. Halafu anashinda. Anashinda sana. Bila yeye Toledo wangu hawaendi popote. Usiku mwingine nilijikuta namshangilia na dakika tano baadaye natia wekundu.

Nina sheria moja: aliyeumia kweli, kwangu naye aumie. Julai mpira ulimvunja Walker ubavu, nikamweka nje. Akarudi kidogo kidogo. Kisha mwishoni mwa Septemba Toledo wakamwacha. Hapo nikasimamisha dadu siku tatu.

Msimu haukuwa umekwisha. Oktoba Toledo walikuwa na safari ya Richmond, Virginia, na kabla ya safari meneja wao, Charlie Morton, aliletewa barua ikimwonya asimvalishe Walker jezi mjini humo, kwa kuwa watu 75 wameapa kumvamia. Majina ya waliotia saini yalikuwa ya uongo. Kufikia siku ya safari Walker hakuwamo tena kwenye timu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuamua lolote. Ligi nzima ilijifunza namna hiyo ya kutoamua. Mwaka 1887, tarehe 14 Julai, siku ambayo Chicago ya Cap Anson iligoma kucheza na timu ya Newark yenye Walker na mrushaji mweusi George Stovey, wakuu wa Ligi ya Kimataifa, ligi ya daraja la chini ambamo Newark ilicheza, walikaa wakapiga kura kwamba wasipitishe tena mikataba ya wachezaji weusi. Anson yumo kwenye kasha langu. Hom rani 21 mwaka 1884, uzio uleule wa Williamson. Kadi yake ya safarini siipendi, lakini sijaichezea rafu.

Siku ya nne, Jumamosi, niliendesha gari hadi Steubenville, saa mbili na nusu kutoka ninapokaa. Walker alifia Cleveland mwaka 1924, akazikwa kwao, makaburi ya Union, na kwa miaka zaidi ya sitini kaburi halikuwa na jiwe. La sasa liliwekwa na watu wa michezo wa Oberlin. Nilitarajia kuhisi jambo kubwa. Kulikuwa na baridi, majani yamelowa, na mimi nimevaa viatu visivyofaa. Nikasoma Fatiha, kisha nikawaza kama ni sahihi, na nikaona si vibaya.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiria jambo moja la maisha yake ambalo besiboli haina nafasi nalo. Mwaka 1908 alichapisha kijitabu akiwaambia weusi wa Marekani kwamba hapa hapatakuwa kwao kamwe, waondoke, warudi Afrika. Alikuwa amefika huko baada ya kujaribu kila mlango: shule, mchezo, biashara ya jumba la michezo ya kuigiza. Na mimi, Mwafrika aliyekuja kwa miguu yangu na viza, niko Ohio kwake, usiku nachezesha kadi yake kwa komwe za Tanga. Sijui angesema nini. Pengine angeniuliza nauli.

Nilipofika nyumbani nikavunja sheria yangu. Nikaandika kwenye kaunta buku, mstari wa Oktoba: Walker, mdakaji. Nampeleka Richmond.

Binti yangu, ana miaka kumi, alikuwa bado macho na akaomba kurusha dadu. Nikamwambia haya, ila kalamu nyekundu naishika mimi. Nikamweleza kwa kifupi huyu ni nani na kule ni wapi. Hajali sana historia, anapenda sauti ya kikombe. Mullane anarusha. Zamu ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne mponyoko mmoja, nikatia wekundu, akauliza kwa nini namwandikia mwingine pembeni, nikasema nitamweleza akiwa mkubwa, akasema yeye ni mkubwa. Nikamweleza. Akakirusha kikombe kwa hasira zamu nzima iliyofuata na Richmond wakapata mabao mawili.

Walker alisimama na gongo mara tatu na mara tatu akatolewa. Nilianza kuona aibu. Nimemtoa mtu kaburini, nimemvusha mpaka mji uliotaka kumuua, ili apate sifuri.

Zamu ya nane tuko nyuma kwa bao moja, wawili wametolewa, hakuna mtu kituoni. Binti yangu akarusha: 4 nyekundu, 2 nyeupe. Kwenye kadi ya Walker 42 ni mpira wa chini, mwepesi, kwa mchezaji wa kati. Ametolewa. Akataka kukusanya dadu, nikamzuia, kwa sababu mwaka 1884 mpira mwepesi haukuwa mwepesi. Dadu ya tatu. Ikatoka 1. Mchezaji wa kati wa Richmond kaukanyaga mpira, Walker kapita, yuko kituo cha kwanza.

"Amepata!" akasema.

"Hajapata. Ni kosa la yule. Kwenye daftari hili si pigo."

"Kwa hiyo unamwandikia sifuri?"

"Sifuri kwa nne."

Akaitazama komwe iliyosimama kituo cha kwanza, akaisogeza kidogo kwa kidole mpaka ikakaa katikati ya mraba.

"Lakini yupo pale," akasema.

Nikampa kikombe. Anayefuata kupiga alikuwa Mullane.